Mtoto Aliyeokotwa Jaani

Siku ya kwanza ya skuli Kijakazi alipelekwa kama bibi harusi. Baba yake, Idarusi, alisukuma baiskeli, na mtoto amekalishwa juu ya mto uliofungwa nyuma kwa kamba. Mama yake, Saleha, alitembea ubavuni na mwavuli. Nyuma yao alifuata Bi Mwatumu, mamake Idarusi, aliyekuja kutoka Kigombe kuwasalimia, naye amebebeshwa chupa ya maji yaliyochemshwa, kwa sababu bomba la skuli Saleha hakuliamini. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka saba, mzima wa afya, na miguu yake yote miwili.

Bi Mwatumu alizitazama soli za viatu vya mjukuu wake njia nzima kutoka Ngamiani. Vilinunuliwa sikukuu iliyopita, na soli zilikuwa safi kama sahani. Watu waliokuwa wakifagia barazani walisimamisha mifagio. Mzee mmoja mshona viatu aliuliza mtoto anaumwa nini. Idarusi alimjibu kwa fahari kwamba haumwi, anakwenda skuli, na mzee akasema Mungu ampe nafuu.

Pale getini Idarusi alimteremsha mtoto kwa mikono miwili, akamsimamisha chini kama mtu anayesimamisha taa ya chemni, akapanda baiskeli kwenda ofisini. Alikuwa karani wa kampuni moja ya mkonge, na alitaka kuwahi ili awasimulie wenzake. Saleha hakuondoka. Alishika vyuma vya geti, akatazama ndani. Bi Mwatumu alikaa juu ya jiwe na chupa yake.

Wasichana walikuwa wakikimbizana uwanjani. Mmoja alipita mbio, akampiga Kijakazi kikumbo cha bega, wala hakukusudia. Kijakazi hakujua kuanguka. Mtoto mwingine angejikinga; yeye alikwenda chini kama gunia la chumvi, goti likachubuka. Jambo lililomuumiza Bi Mwatumu halikuwa goti. Ni kwamba mtoto hakulia kwanza. Alilala pale kifudifudi, ametulia, anangoja kuinuliwa. Alipoona haji mtu, ndipo akapiga ukelele, na mkojo ukamtoka mpaka kwenye soksi.

Yule aliyemwangusha alirudi, akachuchumaa, akaanza kumpangusa mchanga usoni kwa ncha ya gauni lake. Ulikuwa wema mdogo wa mtoto, na Bi Mwatumu aliuona. Saleha hakuuona. Aliingia kama moto wa makuti, akamsukuma yule msichana kando, akambeba binti yake begani, miguu ya mtoto ikining'inia karibu na magoti yake.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa Mbondei wa Muheza, jina lake Praxeda, mwanamke mwembamba asiyependa kupandisha sauti. Alimwamkia Bi Mwatumu, aliyekuwa ameingia nyuma ya mkwewe, shikamoo kwanza, akaitikiwa, ndipo akamgeukia Saleha. Saleha alimwambia mengi: kwamba uwanja hauna usalama, kwamba watoto wa humu hawakulelewa, kwamba mtoto wake angeweza kuvunjika. Mwalimu alimsikiliza mpaka pumzi ikamwishia.

"Mama, mtoto wako amechubuka goti," alisema. "Hapa huchubuka magoti kila siku, na bado tunafundisha."

"Wako akichubuka utasema hivyo?"

"Wangu wanne, na wamechubuka wote." Akaitazama ile soksi iliyolowa, akashusha sauti ili wasichana wasisikie, na huo nao ulikuwa wema. "Nenda naye nyumbani. Jumatatu ijayo aje kwa miguu yake, na hapo getini nisione mtu. Akiweza, karibu. Asipoweza, nafasi nitampa mwingine. Wanaoiomba wako wengi, na wengine wanatembea kutoka mbali."

Wasichana walikuwa wamesogea kusikiliza. Mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kwamba mtoto mchanga amerudishwa kunyonya. Saleha akatoka na mzigo wake. Mto wa baiskeli ulikuwa umekwenda ofisini, basi alimbeba mpaka Ngamiani kwenye jua, akitweta, na Bi Mwatumu akamshikia mwavuli.

*

Nyumba ya Idarusi ilikuwa nzuri, ya mawe na bati, na madirisha yake yalifungwa mchana kwa ajili ya vumbi na jioni kwa ajili ya mbu. Uani palikuwa na mpera, na mpera ule ulikuwa umekatwa matawi yote ya chini ili mtoto asishawishike kuupanda. Kisima kilifunikwa kwa mbao, juu ya mbao pakawekwa jiwe, na juu ya jiwe pakawekwa hirizi. Paka alifukuzwa kwa sababu ana kucha. Kijakazi alicheza chumbani, juu ya mkeka, na mwanasesere wa kizungu ambaye naye alikuwa amevaa viatu.

Jioni ile waliketi kushauriana, yaani Idarusi alisema na wengine wakasikiliza. Alikuwa amekasirika, hasa kwa kuwa ofisini alikwisha kujigamba. Alisema mwalimu yule hana adabu. Alisema Sabiha, kwani hilo ndilo jina alilomwandikisha mwanawe, ni mtoto dhaifu. Atakaa nyumbani mwaka huu, yeye mwenyewe atamfundisha kusoma, na mwaka ujao akishapata nguvu atakwenda. Akaongeza kwamba Wazungu wa Raskazone, watu wenye akili zao, hawawaachi watoto wakagaagaa mchangani.

"Nimepita Raskazone," Bi Mwatumu alisema. "Nimewaona watoto wao. Wamekaa juu ya mawe ya pwani, miguu mitupu, pua zimebambuka kwa jua, mmoja ana kidonda hapa na nzi juu yake. Labda hao ndio wasio na akili."

Idarusi alisema mama hafahamu mambo haya.

Mama alifahamu jambo moja. Mwaka ujao mtoto atakuwa mwoga kwa mwaka mmoja zaidi, na nafasi itakuwa ya mwingine, na baba mtu atatafuta mwaka mwingine wa mbele. Baada ya hapo mtoto atakuwa mwari, atawekwa ndani kwa heshima, na hakuna atakayekumbuka kwamba aliwekwa ndani zamani kwa woga. Aliyaona yote hayo amekaa palepale jamvini. Akasema anamtaka mtoto Kigombe mpaka Jumatatu.

Saleha akadakia. Akasema hapana. Pwani kuna nyoka, kuna miiba, kuna maji.

"Sikukuomba ruhusa, mwanangu," Bi Mwatumu alisema polepole. "Mtoto ni wangu. Hujamnunua."

Hili walilijua wote watatu, na tangu mtoto azaliwe hawakupata kulitamka. Saleha alizaa wawili kabla ya huyu, na wote wawili walikufa wakiwa wachanga. Wa tatu alipozaliwa walifanya kama watu wa pwani wanavyofanya mtoto asipokaa. Asubuhi ya saba alifungwa ndani ya kipande cha jamvi bovu, akatupwa jaani nyuma ya nyumba, kati ya maganda ya mihogo na majivu, ili mauti yaone kwamba huyu hana thamani na hana mwenyewe. Bi Mwatumu akajifanya anapita njia, akasikia kilio, akasema kwa sauti kubwa kwamba ameokota kijakazi kibaya, cheusi, asijue atakifanyia nini. Hapo ndipo jina lilipotoka. Ada ilivyo, mama mtu hungoja arobaini, kisha humwendea aliyeokota na kibaba cha mtama na ufagio mkuukuu, akamnunua mwanawe kama anunuavyo kitu cha kupita mlangoni.

Saleha hakwenda. Arobaini ilifika akaogopa, kwamba akishasema mtoto ni wake, mauti yatasikia. Akasema mwezi ujao. Kisha mwaka ujao. Miaka saba sasa amemvisha hariri, amemwekea mwavuli na mto wa baiskeli, na kwa ada bado ni mtoto wa mtu mwingine.

"Ulimtupa jaani ili adharauliwe apone," Bi Mwatumu aliendelea. "Akapona. Ukamwokota ukamweka kabatini. Sasa nani anayemdharau ili aishi?"

"Nitakuletea mtama sasa hivi," Saleha alisema, akasimama. "Nitakuletea gunia."

"Siupokei mpaka Jumatatu."

"Mama, wewe hukuzika." Saleha alikuwa bado amesimama. "Mimi nilizika wawili."

Bi Mwatumu alijua kwamba akinyamaza hapo atakuwa amemwonea huruma mkwewe na amempoteza mjukuu. Basi akasema.

"Walikufa ndani, Saleha. Chini ya chandarua, mikononi mwako, madirisha yamefungwa. Hawakupata kukanyaga mchanga hata siku moja."

Idarusi alichukua kofia yake akaenda msikitini, ingawa adhana ilikuwa bado. Saleha aliingia chumbani akafunga mlango, na Bi Mwatumu akabaki peke yake na maneno yake, akiyaona makali kupita alivyoyataka.

Asubuhi alikuta furushi dogo limewekwa kizingitini. Ndani mlikuwa na nguo za mtoto zilizokunjwa vizuri, chupa ya aidini, pamba, na chini kabisa, ndani ya jani la mgomba, tambuu mbichi na popoo za kutosha wiki nzima. Mtoto hatafuni tambuu. Bi Mwatumu aliukaza ukaya wake kichwani, akamshika Kijakazi mkono wakaenda kungoja basi la Pangani, wakiuacha mlango wa Saleha umefungwa.

*

Kigombe Kijakazi alisimama mlangoni siku nzima. Alivuliwa viatu, na bila viatu hakujua pa kuweka mguu.

"Bibi, mchanga unachoma."

"Ndiyo, unachoma."

"Nibebe."

"Mgongo unaniuma. Kivuli kile pale."

Akangoja. Bi Mwatumu naye akangoja, akichambua mchele, bila kumtazama sana. Jirani yake Kazija, mwanamke wa maneno mengi aliyetoka Pemba kuolewa hapo, alipita akauliza kama huyu ndiye mtoto wa karani au ni nguzo mpya ya mlango. Watoto wa Kazija walikuja kumwangalia kama watu wanaoangalia gari lililoharibika. Jua lilipopinda na njaa kumzidi, maana chakula kilipakuliwa chini ya kivuli na si mlangoni, Kijakazi alikimbia. Alikimbia vibaya, magoti juu kama jogoo, akafika, akala.

Kesho yake alijikwaa. Keshokutwa jogoo mwenyewe alimdonoa kwa kuwa alimshika mkia, naye akaja akilia kutaka jogoo apigwe. Bi Mwatumu alimuuliza kama jogoo alimfuata chumbani. Mtoto akafikiri, akasema hapana. Aidini ilibaki kwenye furushi. Popoo zilipungua.

Ijumaa maji yalikuwa ya bamvua, yakatoka mbali, na wanawake wakateremka kuokota tondo, wale konokono wa pwani, na kutafuta pweza kwenye miamba, kila mmoja na kikapu na kijiti chake, kanga zimekazwa kiunoni. Kijakazi akafuatana nao. Bi Mwatumu alimwonyesha mara moja wale wanyama weusi wa miiba waliojificha mashimoni, akamwambia hao hawakanyagwi. Hakumshika mkono. Mikono yake aliishughulisha na kikapu.

Mtoto aliwaruka watatu, akacheka kwa ushindi, akamkanyaga wa nne.

Kilio chake kilisikika mpaka mikokoni. Wanawake walisimama, wakaona ni nini, wakacheka, na kila mmoja akaonyesha unyayo wake palipokuwa na alama nyeusi za zamani. Kazija alisema sasa karibu mjini, maana asiyechomwa na huyu si mtu wa hapa. Lakini ni Kazija huyohuyo aliyeacha pweza wake shimoni, akapanda juu kukata papai bichi, akarudi na utomvu ukichuruzika, akaupaka mguu wa mtoto taratibu akiimba maneno ya upuuzi. Pweza akakimbia. Kazija hakumtaja tena.

Kijakazi alipanda pwani kwa mguu mmoja na vidole vya mwingine, akishikilia kanga ya bibi yake. Njia ni ndefu. Hakuomba kubebwa.

*

Jumamosi mchana Idarusi alishuka kwenye basi na suruali nyeupe na viatu vya kung'aa. Alimkuta binti yake uani, nywele zimejaa mchanga, goti na gamba la kidonda, kisigino na madoa meusi sita au saba, anamenya muhogo kwa kisu.

Alimpokonya kisu kwanza. Kisha akauona mguu.

Aliyoyasema Idarusi mbele ya mama yake hayafai kurudiwa yote. Alisema mama ni mshamba. Alisema angelimpeleka mtoto hospitali, na ataeleza nini huko, kwamba bibi yake alimpeleka kuchomwa? Watoto wa Kazija walipanga safu nje ya ua kusikiliza Kiswahili cha ofisini. Bi Mwatumu aliendelea kukuna nazi. Huyu mwanawe ndiye ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumtoa ndoana sikioni, na leo anamfundisha habari za majeraha.

"Nani aliyekuchoma?" Idarusi alimuuliza mtoto, akipiga goti na kuisahau suruali.

"Yule mweusi."

"Alikuchoma vipi, bibi yako alikuwa wapi?"

"Yule mweusi hakunifuata, baba. Alikuwa amelala kwake. Mimi ndiye niliyemkanyaga." Akanyoosha mkono. "Nipe kisu, muhogo haujesha."

Idarusi alibaki amepiga goti. Alikuwa hajapata kusikia mtoto huyu akieleza jambo lililompata bila ya kulalamika. Alitazama kisu, akatazama muhogo, kisha akaanza kuumenya yeye mwenyewe, vibaya, akitupa nyama pamoja na ganda, mpaka mama yake akamnyang'anya akamrudishia mtoto.

Walipokwisha kula alisema kwa sauti ya chini kwamba Saleha halali. Kutwa hufungua dirisha la uani, akachungulia, akalifunga.

"Analifungua?" Bi Mwatumu aliuliza.

"Analifungua."

"Mwambie Jumatatu tukutane kwa mama muuza vitumbua, mkabala na skuli. Ua wake mrefu, mwalimu hatatuona. Na wewe nenda kazini kwako."

*

Jumatatu Kijakazi aliteremka kwenye basi akachechemea kidogo, akavuka barabara peke yake. Getini hapakuwa na mtu. Mwalimu Praxeda alikuwa amesimama kwenye ngazi ya darasa na kengele mkononi, hajaipiga. Macho yake yalikwenda kwenye geti, yakakagua ukuta, yakarudi kwa mtoto. Hakumwita.

Nyuma ya ua wa makuti wa muuza vitumbua Saleha na mkwewe, aliyeshuka kwenye basi lilelile, walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja na tundu lake la kuchungulia, na kibaba cha mtama na ufagio mkuukuu miguuni pa Saleha. Hawakuwa wamesalimiana zaidi ya shikamoo na marahaba. Mwenye vitumbua, aliyekwisha kufahamu habari yote bila kuelezwa, aligeuza karai lake likae upande mwingine ili moshi usiwaumize macho.

"Anachechemea," Saleha alinong'ona.

"Anatembea," Bi Mwatumu alisema.

Wasichana walikuwa wakicheza rede, wawili wakirusha na wengine katikati wakikwepa. Waliuona uso wa mgeni, wakamkumbuka. Mmoja alisema mtoto mchanga amerudi, wakacheka, lakini wakamwachia nafasi katikati. Akaingia. Alikwepa mara moja, akakwepa tena. Kisha mpira, uliosokotwa kwa matambara na kamba ya mkonge, ukamjia kwa nguvu zote ukampiga katikati ya uso.

Damu ikatoka puani ikaangukia gauni jeupe.

Bi Mwatumu alijikuta amesimama. Hakuamua, miguu iliamua yenyewe, ukaya ukamwanguka, na mkono wake ulikwisha kuusukuma mlango wa ua. Mwanamke aliyewadharau wote kwa woga wao, mwanawe na mkwewe, alikuwa anakwenda mbio kumwinua mtoto ambaye hakuanguka. Hatua mbili zaidi angeonekana barabarani, na nafasi ingekuwa ya mwingine.

Alishikwa mkono kwa nyuma. Saleha alimshika kwa nguvu, kucha zikamwingia.

"Mama," alisema. "Mwache."

"Ana damu."

"Naiona. Damu ya nguo hutoka kwa sabuni."

Uwanjani wasichana walisimamisha mchezo. Kijakazi alijigusa pua, akatazama vidole vyake, akavitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejifunza herufi. Akavipangusa kwenye gauni, juu ya doa lilelile. Kisha akainama, akauokota mpira, akamtafuta aliyempiga, akamrushia. Ulikwenda kombo, ukampita mwalimu karibu na sikio. Wasichana wakapiga kelele za furaha na mchezo ukaendelea, na Mwalimu Praxeda akaanza kupiga kengele.

Bi Mwatumu alirudishwa kwenye benchi kama mgonjwa. Aliona aibu. Mwenye vitumbua aliweka sahani mbele yao bila kuulizwa. Saleha alichukua kimoja, akakipuliza, akakitia mkononi mwa mkwewe.

"Kula, mama," alisema. "Tutakaa hapa mpaka utulie."

Mkono mwingine hakuuachia.